Vitabu, Utawala na Ujirani: Yanamhusu Nini Mkimbizi?

(Hotuba hii ilitolewa na mwalimu wa shule ya msingi hapa kambini, mbele ya wakimbizi, viongozi wa vijiji na wafanyakazi wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kamati imeona vema kuichapa katika toleo hili la kumbukumbu ili waliokosa nafasi uwanjani nao waisome.)

 

Kamati iliponipa nafasi hii iliniachia nichague mwenyewe jambo la kusema. Nimechagua kuzungumza juu ya vitabu. Sisemi vitabu vya darasani vya hesabu na sarufi, ingawa navyo havitoshi na watoto watatu wanashika kimoja. Nasema vile vitabu ambavyo watu wa zamani na wa juzi waliviandika wakijiuliza maswali matatu: binadamu ni kiumbe wa namna gani, atawaliwe vipi, na aishi vipi na mwenziwe, awe mke, mume, ndugu, rafiki au jirani.

Najua yupo anayesema moyoni: mwalimu huyu ameshiba nini leo? Posho inapungua, shitingi zimechakaa, kuni ziko mbali, naye anatuletea vitabu! Swali hilo ni la haki na sitalikimbia. Kitabu hakiwekwi jikoni kikaiva. Lakini nawaombeni tujiulize: ni kitu gani kilichotutoa kwetu? Wengi wetu tuliacha mihogo shambani na samaki ziwani. Hatukukimbia ukame wala mafuriko. Tulikimbia watu. Tulikimbia utawala ulioharibika na majirani walioacha kuwa majirani. Basi kama ugonjwa uliotuleta hapa ni ugonjwa wa watu na wa utawala, mtu anayekaa chini kusoma habari za watu na za utawala anasoma habari za ugonjwa wake mwenyewe.

Ninayo na sababu ya pili. Kwa muda sasa kipo kikundi cha kusoma kinachokutana jioni katika darasa letu. Wamo vijana, wamo akina mama, wamo wazee wawili. Wamo pia watu waliotoka pande ambazo kule nyumbani hazisalimiani. Baadhi ya wazazi wamekwenda kwa Kamati kuomba kikundi hicho kifungwe. Wanasema kwamba kusoma habari za utawala ni siasa, na siasa kambini ni marufuku. Kamati itatoa uamuzi wake, nasi tutautii. Leo mimi natoa hoja hadharani, ili anayekubali akubali akijua, na anayekataa akatae akijua.

HOFU YA WAZAZI NA NENO LA SHERIA

Wazazi hawa siwalaumu. Wameona mengi. Wapo waliopoteza watoto kwa sababu ya neno moja lililosemwa mahali pasipofaa.

Lakini tuiangalie sheria inavyosema. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unatuambia katika kifungu cha tatu kwamba mkimbizi ana wajibu wa kutii sheria za nchi inayompokea, na asishiriki matendo ya kuhujumu nchi yoyote mwanachama. Unataja hasa matumizi ya silaha, na kuchochea kwa magazeti na redio. Nchi iliyotupokea ina haki ya kudai hayo. Mgeni aliyepewa kitanda hawashi moto chini yake.

Sasa tupime. Kikundi chetu hakina chama, hakina wimbo wa chama, hakichangishi fedha, hakitaji serikali yoyote ya leo kwa jina. Tunasoma watu waliokufa zamani. Daktari anayesoma habari za sumu hajamnywesha mtu sumu. Anajifunza dalili zake ili awahi kuponya. Na mlango wetu uko wazi. Mzazi aje aketi. Sungusungu aje aketi. Mfanyakazi wa shirika aje aketi, tutampa benchi.

Tena nawaombeni, wazazi wangu, mkumbuke ni kijana yupi anayechukuliwa kirahisi. Anayekuja usiku kutafuta vijana wa kwenda kupigana haji na kitabu. Huja na maneno mawili: kwamba wale si watu kama sisi, na kwamba bunduki itamaliza kila kitu. Kijana ambaye hajawahi kujiuliza mtu ni nani atayameza maneno hayo yote mawili. Kijana aliyekwisha kulitafuna swali hilo jioni nyingi pamoja na wenziwe atakuwa na la kumwuliza mgeni huyo. Huenda lisitoshe kumwokoa. Lakini ni afadhali kuliko kumwacha na mikono mitupu.

WAANDISHI WALIOKIMBIA KAMA SISI

Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliyasoma majina ya waandishi hawa kwa Kifaransa, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, yakaisha. Nilipokuja kuishi hapa ndipo nilipotambua jambo ambalo hakuna aliyetuambia darasani: wengi wao walikuwa wafungwa au wakimbizi.

Niccolò Machiavelli wa mji wa Florence, Italia, aliutumikia mji wake kwa miaka kumi na minne. Mwaka 1512 utawala ulibadilika, akafukuzwa kazi. Mwaka 1513 alishukiwa njama, akatiwa gerezani, akafungwa mikono nyuma na kuninginizwa kwa kamba. Alipoachiliwa alikwenda kukaa katika shamba dogo nje ya mji. Huko, mwaka huohuo, aliandika kitabu chake kuhusu mtawala. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake mwezi Desemba 1513 alieleza kwamba mchana alishinda na wakata kuni na wachezaji kamari, lakini jioni ilipofika alivua nguo zenye matope, akavaa nguo nzuri, kisha akakaa na vitabu vya watu wa kale kama mtu aliyealikwa barazani kwao. Kwa saa kadhaa aliusahau umaskini wake.

Thomas Hobbes wa Uingereza alikimbilia Paris mwaka 1640, alipoona nchi yake inaelekea vitani. Alikaa huko kama miaka kumi na mmoja. Ili apate riziki alifundisha, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mtoto wa mfalme, mkimbizi kama yeye, aliyemfundisha hesabu. Kitabu chake kikubwa, Leviathan, kilitoka mwaka 1651.

John Locke, Mwingereza pia, alikimbilia Uholanzi mwaka 1683, akarudi kwao mwaka 1689. Kitabu chake juu ya serikali alikitoa bila kuweka jina lake, na alikiri kuwa ni chake katika wasia wake tu, karibu na kufa. Hofu haikumwacha hata baada ya kurudi nyumbani. Wenzetu waliokwisha kurudi wanalijua jambo hilo.

Wa mwisho ni mwanamke, Hannah Arendt, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1906. Aliikimbia nchi yake mwaka 1933, akaishi Paris. Vita vilipokuja, mwaka 1940 Wafaransa walimweka kizuizini katika kambi ya Gurs kwa kuwa eti ni Mjerumani, naye aliwakimbia hao hao Wajerumani! Alifika Marekani mwaka 1941, na mwaka 1943 aliandika makala fupi juu ya maisha ya wakimbizi. Hakupata uraia wa Marekani mpaka mwaka 1951. Miaka mingi aliishi bila kuwa raia wa nchi yoyote.

Nawatajia haya kwa sababu moja. Kuna watu, na wengine tunaketi nao, wanaodhani kwamba mkimbizi ni mtu wa kupewa tu: apewe unga, apewe mafuta, apewe na mawazo. Majina haya yanasema vingine. Vitabu ambavyo vyuo vikubwa vinavisoma hadi leo, sehemu kubwa viliandikwa na watu waliofukuzwa, waliofungwa, au waliokuwa wakingoja habari za kwao kama tunavyongoja sisi.

BINADAMU NI MBAYA AU NI MWEMA?

Hobbes aliyaona maisha ya watu wasio na mamlaka juu yao, akasema kwamba watu wakiachwa hivyo kila mmoja atakuwa vitani na kila mwenziwe. Hakusema kwamba ni kwa sababu watu ni mashetani. Alitaja sababu tatu: kugombea kitu kimoja, kutoaminiana, na kutafuta sifa.

Kwenye kikundi tulipoisoma sehemu hiyo, mama mmoja alicheka akasema mzungu huyu amewahi kupanga foleni kwenye bomba letu. Na kweli, tazameni. Maji hutoka kwa saa chache, ndoo ni nyingi: hapo pana kugombea. Yule wa kijiji cha pili anaamini kwamba wa kijiji cha kwanza wamempa kitu mlinzi wa bomba: hapo pana kutoaminiana. Kisha mmoja anasukumwa, ndugu zake wanasema haiwezekani tudharauliwe: hapo pana sifa. Mwishoni ndoo zimepasuka, watu wameumia, na maji yamekatika. Hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akiwa na nia ya kupigana.

Faida ya kulijua hilo ni hii: ugomvi ukiujua kwa sababu zake, unaweza kuuzuia kabla haujafika kwenye fimbo. Kwenye kugombea, weka zamu. Kwenye kutoaminiana, bandika orodha ya zamu hadharani kila mtu aisome. Kwenye sifa, mlinzi wa bomba amsemeshe kila mtu kwa heshima ile ile. Mambo hayo hayahitaji fedha za mfadhili.

Jean-Jacques Rousseau, aliyezaliwa Geneva mwaka 1712, alikuja baadaye akapinga. Katika kitabu cha mwaka 1755 kuhusu kutolingana kwa watu alisema kwamba binadamu kwa asili ana huruma, hapendi kuona mwenziwe akiteseka. Kinachomharibu ni jamii iliyojengwa vibaya, pale wachache walipojitwalia na wengi wakabaki kuwategemea. Naye alifukuzwa: mwaka 1762 vitabu vyake viwili vilihukumiwa Paris na Geneva, akawa mtu wa kuhamahama.

Nani ana haki? Wazee wetu waliolivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wanatusimulia. Wapo wavuvi waliowavusha watu wasiowajua, usiku, bila nauli, na wakarudi tena kuchukua wengine. Wapo na waliodai kila kitu, hata kitenge alichojifunga mama. Ziwa ni lilelile, usiku ni uleule, hatari ni ileile. Hobbes angewanyoshea kidole hawa, na Rousseau angewanyoshea kidole wale, na wote wawili wangekuwa wameona kweli.

Maoni yangu mimi ni kwamba binadamu ana uwezo wa yote mawili, na kazi ya utawala, ya dini, ya malezi na ya shule ni kumrahisishia jema na kumzidishia ugumu wa baya. Anayesema kwamba kabila fulani ni wabaya kwa asili yao hajasoma kitu, wala hajaangalia ndani ya kabila lake.

Na hapa niseme neno kwa walimu na wazazi. Rousseau huyuhuyu aliandika kitabu mashuhuri juu ya kulea mtoto, na mwenyewe alikubali kwamba watoto wake watano waliozaliwa aliwapeleka katika nyumba ya watoto walioachwa. Kwa hiyo tunaposoma tusisujudie mtu. Neno tulipime kama tunavyopima unga kwenye mizani siku ya mgao: tuone uzito wake, asituambie mtu tu.

KIONGOZI NA ANAOWAONGOZA

Mzazi mmoja aliniuliza: Mwalimu, kijana wangu akimsoma Machiavelli hatajifunza ujanja? Maana inasemekana kitabu kile kinamfundisha mtawala kudanganya. Nilimjibu, Baba, ni kweli kimeandikwa humo kwamba mtawala wakati mwingine huvunja ahadi, na kwamba kama hawezi kupendwa na kuogopwa vyote pamoja, heri aogopwe. Lakini wajanja walikuwa wanayajua hayo kabla kitabu hakijachapwa mwaka 1532. Wasioyajua ni sisi tunaodanganywa. Rousseau mwenyewe aliona hivyo, kwamba Machiavelli alijifanya anawafundisha wafalme, kumbe aliwafumbua macho raia. Halafu katika kitabu hichohicho liko onyo ambalo watu hawalitaji: mtawala ajiepushe kuchukiwa, na njia ya kujiepusha ni kutogusa mali za watu wala wake zao. Wangapi katika watawala tuliowakimbia walilizingatia onyo hilo?

Locke alikwenda mbele zaidi. Alisema serikali ni amana. Watu wameiweka mikononi mwa wachache ili walinde uhai wao, uhuru wao na mali yao. Anayeigeuza amana hiyo kuwa chake binafsi amevunja mkataba, na waliompa wana haki ya kuichukua.

Ndugu zangu, msidhani kwamba neno hilo ni la marais na wafalme tu. Hapa tunachagua viongozi wa vijiji na wajumbe wa Kamati. Kiongozi wa kijiji anayeandika majina ya wenye mahitaji maalumu ameshika amana. Akiandika jina la shemeji yake mwenye nguvu na kumwacha bibi asiyeona, ameivunja. Mgawaji wa sabuni ameshika amana. Na wafanyakazi wa mashirika mliopo hapa, kwa heshima yote, nanyi mmeshika amana, ingawa hatukuwapigia kura. Uamuzi unapobadilika juu ya posho au juu ya kurejea nyumbani, tuambieni mapema na kwa lugha tunayoielewa. Mtu anayeelezwa huvumilia mengi kuliko mtu anayeshtukizwa.

Wala tusifikiri kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi kutoka 1909 hadi 1962, alitoa kitabu kiitwacho Kusadikika mwaka 1951. Humo kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali na Kusadikika, wakarudi na ushauri mwema wa kuifaa nchi yao, wakalipwa mateso. Kitabu kilitoka wakati wa mkoloni, na mwandishi aliificha nchi yake angani ili aseme ya ardhini. Kila mtu hapa anamjua mjumbe kama wale, mwalimu au muuguzi au mchungaji, aliyerudi na ushauri mwema akalipwa gereza. Mzazi anayetaka kujua tunasoma nini jioni, na aanze na hicho. Kiko kwa Kiswahili, hakihitaji mkalimani.

NYUMBANI NA KWA JIRANI

Sasa nije kwenye jambo linalogusa kila paa la shitingi: ndoa na ujirani.

Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa pwani ya kaskazini ya Kenya, mjane wa kiongozi wa Siyu, alitunga utendi wake yapata mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, na alitaka kumwachia binti yake, Mwana Hashima, mawaidha ya maisha. Alimwusia dini, adabu na ukweli. Alimwambia pia kwamba kuna watano anaopaswa kupata radhi yao: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Sehemu kubwa ya mawaidha ni jinsi ya kumtunza mume.

Kikundi kilibishana juu ya utendi huo kwa jioni mbili. Wanaume walifurahi, wakasema hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi amelea watoto peke yake, akauliza: utendi wa mtoto wa kiume uko wapi? Nani alikaa kitandani anaumwa akamwandikia mwanawe jinsi ya kumtunza mke? Darasa lilinyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, na tuuandike sisi.

Nalisema hili kwa sababu tunajua hali ya nyumba zetu. Kule nyumbani baba alikuwa na wavu, na shamba, na ng'ombe. Alikuwa na kitu cha kuleta mezani, na heshima yake ilikaa humo. Hapa baba na mama wote wanangoja mgao uleule. Baba anaona kwamba amepungua, anatafuta pa kuonyesha kwamba bado ni baba, na mara nyingi anapaona kwenye mgongo wa mke wake. Ndugu zangu wanaume, heshima iliyoporwa na vita haiko kwenye mwili wa mwanamke. Hata ukimpiga hadi asubuhi hutaiokota hapo. Itafute katika kumfundisha mwanao kushona wavu, kusoma, kujenga. Katika kuamua ugomvi wa majirani kwa haki. Hayo nayo ni mali, wala hakuna askari aliyeweza kuyapora mpakani.

Shaaban Robert huyohuyo ana kitabu kingine, Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Ni habari ya ndugu wawili walioingiwa na wivu juu ya ndugu yao aliyewatendea mema, wakamtosa baharini. Wakageuzwa manyani. Na adhabu ikawa ya pande mbili, kwa maana Adili naye alilazimishwa kuwapiga kila usiku, huku anawahurumia. Vijana waliuliza kwa nini mwandishi amemwadhibu na aliyekosewa. Jibu tulilolipata ni kwamba mwenye kubeba fimbo ya kisasi kila usiku hawezi kulala, hata kama haki iko upande wake.

Tumesoma pia tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, katika Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyeitoa tafsiri hiyo mara ya kwanza mwaka 1963. Watu wengi huzungumzia kifo cha Kaizari na rafiki yake Brutus. Kikundi chetu kilisimama mahali pengine, kwenye sehemu fupi isiyofika kurasa tatu. Umati umekwisha kuchochewa kwa hotuba, unazunguka mjini. Unakutana na mshairi aitwaye Cinna. Katika walioua, yumo mtu mwingine mwenye jina hilohilo. Mshairi anajitetea kwamba yeye siye. Haimsaidii. Anauawa kwa ajili ya jina lake.

Hapo hakuna aliyehitaji mwalimu wa kueleza. Katika darasa lile kila mtu alikuwa na jina la mtu aliyeuawa hivyo. Na kijana wa upande huu, kwa mara ya kwanza, alisikia kwamba hata kijana wa upande ule anaye mtu wake. Hawakukumbatiana. Sitaki kuwadanganya. Walikaa kimya, tukafunga mapema. Lakini jioni iliyofuata wote wawili walikuja, wakakaa benchi moja.

Wazazi mnaotaka kikundi kifungwe, nawaomba mfikirie jioni ile. Mnajua mahali pengine popote hapa kambini ambapo ingeweza kutokea?

KUSAMEHE NA KUAHIDI

Nimalizie kwa yule mama mkimbizi, Hannah Arendt. Katika kitabu cha mwaka 1951 alieleza jambo aliloliishi. Alisema kwamba haki za binadamu zinatangazwa kuwa ni za kila mtu, lakini mtu aliyepoteza nchi huona hakuna wa kumtimizia. Kwa hiyo haki ya kwanza, kabla ya nyingine zote, ni kuwa na mahali unapohesabiwa kuwa mmoja wao. Nadhani hakuna asiyeelewa hapa uwanjani.

Miaka saba baadaye, mwaka 1958, katika kitabu kingine, aliandika juu ya taabu mbili za matendo ya binadamu. Ya kwanza ni kwamba lililotendeka halirudi nyuma. Ya pili ni kwamba la kesho halijulikani. Akasema binadamu amepewa dawa mbili. Kwa lililopita, kusamehe. Kwa lijalo, kuahidi na kutimiza.

Mimi nimelifikiri neno hilo sana, kwa sababu siku moja, tukijaliwa, tutarudi. Wengine watarudi vijiji vilevile, watakuta shamba limelimwa na mtu mwingine, na nyumba imekaliwa na mtu ambaye ndugu zake waliwatendea mabaya. Hakuna jeshi wala shirika litakaloweza kukaa katikati ya kila nyumba mbili. Hapo tutabaki na dawa hizo mbili tu, na dawa haizoeleki kwa siku moja. Kusamehe hakumaanishi kwamba mahakama isifanye kazi yake. Mwenye kuua ajibu. Kunamaanisha kwamba mtoto wa muuaji asirithi damu. Na kuahidi kunaanza na mambo madogo: ukisema utarudisha jembe Jumamosi, lirudishe Jumamosi. Nchi inajengwa na watu waliozoeana hivyo.

Naomba mambo matatu. Kwa Kamati: kikundi kiachwe kiendelee, mlango ukiwa wazi, na wazazi wawili wateuliwe kuja kuangalia. Kwa mashirika: mkituletea vitabu, leteni na vya watu wazima, vya Kiswahili kwanza, pamoja na taa mbili za nguvu ya jua, kwa maana jioni huingia upesi. Kwa wazee wetu: njooni mseme, nasi tuandike. Mnayoyajua juu ya kupatanisha watu, juu ya ndoa, juu ya machifu wema na wabaya, hayamo katika kitabu chochote cha Ulaya. Mkiondoka bila kuyasema, yataondoka nanyi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta wetu umekwisha kuanguka. Na tujifunze namna ya kuujenga, tukiwa bado tuna muda na tuko pamoja.